Rafiki au Nasaba? Riwaya ya Vijana ya Kiswahili Mbele ya Msomaji wa Isiolo

Utangulizi

Riwaya ya vijana, popote inapoandikwa, huzunguka maswali mawili. La kwanza ni la mtu na mwenzake: nani atakuwa rafiki wa kijana huyu, hasa pale ambapo kabila, dini, rangi au tabaka vimekwisha kuamua kwamba hawa wawili wasipatane? La pili ni la mtu na nafsi yake: kijana huyu ni nani, na ataikubali vipi hali aliyozaliwa nayo? Ni rahisi kuyachukua maswali haya kama mapacha, na kudhani kwamba mwandishi aliyelijibu la kwanza amekwisha kulijibu la pili. Makala haya yanashikilia kwamba sivyo. Katika riwaya kadhaa mashuhuri ambazo vijana wa Kenya wamezisoma tangu miaka ya 1990, jibu la swali la pili hulitangua jibu la swali la kwanza. Rafiki humbeba kijana njiani, humlisha, humficha na kumtia moyo. Lakini mwisho wa safari anayempa kijana haki ya kujikubali ni baba, babu au hati ya urithi. Urafiki huwa daraja, na nasaba ndiyo ng'ambo.

Riwaya zitakazochunguzwa ni tatu za Ken Walibora, yaani Siku Njema (1996), Kufa Kuzikana (2003) na Kidagaa Kimemwozea (2012), zikilinganishwa na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) na, kwa ufupi, riwaya ya Kiingereza ya Meja Mwangi, Little White Man (1990). Kipimo kitakachotumika ni mji wa Isiolo. Msomaji wa Isiolo anayetajwa hapa si mtu mmoja aliyehojiwa. Ni nafasi ya kusomea, mahali pa kusimama ili kuona jambo ambalo halionekani kwa urahisi kutoka Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam.

Kwa nini Isiolo

Isiolo ni mlango. Kwa muda mrefu wa utawala wa Waingereza eneo la kaskazini mwa Kenya lilitawaliwa kwa sheria za pekee, ile ya wilaya za pembezoni ya 1902 na ile ya wilaya maalumu ya 1934, na aliyetaka kuingia au kutoka alihitaji ruhusa. Kizuizi cha polisi kilichosimama Isiolo kilikuwa alama ya mpaka huo, na hata baada ya Uhuru wasafiri wa kaskazini waliopita hapo kuelekea kusini waliendelea kusema kwamba wanakwenda Kenya. Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 viliizidishia kauli hiyo uchungu. Wafugaji wa bonde la Ewaso Nyiro walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, Garba Tulla ikiwa mojawapo ya mahali hapo, na wengi wakapoteza mifugo yao.

Mji wenyewe umejaa watu waliokutanishwa na historia. Waborana na Wasakuye wapo, Wasamburu wapo, Waturkana wapo, Wameru wapo kutoka miteremko ya Mlima Kenya, na Wasomali wapo, baadhi yao wakiwa wazao wa askari waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu vya Kwanza, kisha wakapewa mahali pa kukaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, idadi ndogo kwa ardhi kubwa, na bado malisho na maji yamegombewa kwa silaha mara nyingi. Katika hali hiyo Kiswahili ni lugha ya soko, ya kituo cha magari na ya uwanja wa shule. Mtoto wa Kiborana na mtoto wa Kiturkana wanapotaka kutaniana, Kiswahili ndicho wanachokutana nacho katikati. Basi urafiki usiotarajiwa, ambao kwa mwandishi wa riwaya ni dhamira ya kuteuliwa, kwa kijana wa Isiolo ni jambo la dawati na dawati.

Nasaba nayo Isiolo ina uzito wa namna yake, kwa sababu dola imeigeuza kuwa karatasi. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliamuru Wasomali wa nchi hiyo wahojiwe ili kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pekee. Kwa miongo mingi vijana wa jamii za kaskazini walioomba kitambulisho walipitishwa katika mahojiano ya ziada ambayo wenzao wa kusini hawakuyajua, wakitakiwa kuthibitisha wazazi na mababu. Februari 2025 Rais alitangaza kukomeshwa kwa utaratibu huo. Kijana aliyekulia katika hali hiyo amezoea kuulizwa ni wa nani kabla ya kuulizwa ni nani. Riwaya inayomaliza kwa kumwonyesha shujaa wake amempata babake haimpi kijana huyu faraja iliyokusudiwa; humrudisha mbele ya meza ya yule karani.

Siku Njema: mtoto wa nani?

Siku Njema ilimtambulisha Walibora, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa kidato cha nne. Shujaa wake, Msanifu Kombo, aitwaye pia Kongowea Mswahili, amelelewa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu. Baba hayupo, na kutokuwapo kwake ni fimbo ambayo kila mwenye ulimi anaweza kumchapa nayo mtoto. Mama anapofariki, kijana anaishika njia ya Kenya kumtafuta babake, na safari inamfikisha magharibi ya nchi, upande wa Kitale.

Uzuri wa riwaya hii uko njiani. Hapo ndipo kijana hupokewa na watu wasio wake. Silaha yake kubwa ni Kiswahili, anachokisema na kukiandika kwa ufasaha unaowashangaza wanaomsikia, na lugha hiyo humfungulia milango ambayo ukoo usingeifungua. Laiti mwandishi angeufuata mshipa huo hadi mwisho, riwaya ingesema jambo kubwa: kwamba mtu aliyetukanwa kwa kukosa baba anaweza kujengwa upya na lugha na marafiki. Lakini mantiki ya hadithi inavuta upande mwingine. Safari ina shabaha moja, na shabaha hiyo ni baba. Anapopatikana, hata kipaji cha kijana kinapata maelezo ya damu, kwani baba naye ni mwandishi. Ufasaha uliokuwa kazi ya kijana mwenyewe unageuka kuwa urithi.

Hapa pana kasoro ya maudhui ambayo ufundi wa masimulizi umeifunika. Waliomsimanga shujaa walishikilia kwamba mtu asiye na baba hana thamani. Riwaya haiwaambii kwamba wamekosea. Inawaambia kwamba baba yupo. Kanuni ya masimango inaachwa salama, na shujaa anahamishwa tu kutoka upande wa wanaosimangwa hadi upande wa wasiosimangika. Msomaji ambaye babake hatapatikana kamwe, au amepatikana na bado karani hamwamini, anaufunga ukurasa wa mwisho akiwa pale pale alipoufungua wa kwanza.

Kufa Kuzikana: makabila ya kubuni

Riwaya ya pili inaingia moja kwa moja katika urafiki usiotarajiwa. Akida na Tim wanatoka katika makabila mawili yanayohasimiana, Wakorosho na Wakanju, katika nchi ya kubuni iitwayo Kiwachema. Kitabu kilitoka mwaka 2003, miaka michache baada ya mapigano ya kikabila yaliyoandamana na chaguzi za 1992 na 1997 nchini Kenya, na miaka minne kabla ya maafa yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Hakuna msomaji wa Kenya aliyehitaji kuelezwa Kiwachema ni wapi.

Jina la riwaya ni fikra yake kubwa kuliko zote. Katika usemi wa Kiswahili rafiki wa kufa kuzikana ni yule ambaye uhusiano naye hauishi ila kaburini. Lakini maziko nchini Kenya ni haki inayogombewa, na anayeidai kwa sauti kubwa ni ukoo. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wa Umira Kager walishtakiana kwa miezi mitano juu ya nani amzike na wapi. Mwezi Mei 1987 ukoo ulishinda na maiti ikazikwa Nyalgunga, Siaya. Mahakama iliamua kwamba hata mke, aliyeishi na marehemu zaidi ya miaka ishirini, hatangulii mbele ya ukoo. Riwaya inayotoa haki ya kuzika kwa rafiki, tena rafiki wa kabila hasimu, inasimama kinyume na hukumu hiyo hata kama haiitaji. Hili ni jambo la ujasiri, na Walibora anastahili sifa kwalo.

Ujasiri huo, hata hivyo, unapunguzwa na ubunifu wa majina. Korosho na kanju ni tunda na kokwa yake: neno kanju hutumika kwa mkorosho au tunda lake, na korosho ndiyo mbegu. Kejeli iko wazi na ni nzuri, kwamba wanaouana wametoka mti mmoja. Lakini watu wa mti mmoja hawatofautiani kwa lolote la maana, na hapo ndipo ugumu wa urafiki unapopotea. Mkorosho na Mkanju hawana lugha mbili ambazo mmoja lazima ajifunze, wala chakula ambacho mmoja hakili, wala namna mbili za kumwamkia mzee, wala kisima kimoja na ng'ombe wa pande mbili. Uhasama wao umebaki kuwa upumbavu mtupu, na dawa ya upumbavu ni nasaha. Isiolo uhasama haukuwa upumbavu mtupu. Una ukame ndani yake, na njia za malisho zilizokatwa, na bunduki, na wanasiasa wanaojua hesabu za kura. Urafiki unaoota juu ya vitu hivyo ni mgumu zaidi na una thamani zaidi kuliko ule unaohitaji tu watu waache ujinga.

Ni kweli kwamba mwandishi aliyeyataja makabila halisi angejitia hatarini, na mchapishaji anayelenga shule asingemkubali. Sababu hii inaeleza uamuzi. Haiondoi gharama yake.

Kidagaa Kimemwozea: Mtemi na jina lake

Katika riwaya ya tatu Walibora anaonekana kuwa amelitambua tatizo, kwani dhalimu wake anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Jina lenyewe ni uhakiki. Ubora wa nasaba ya Mtemi ni wizi uliovikwa kilemba: ardhi ameipora, hati amezighushi, na nduguye, Mwalimu Majisifu, anajipatia sifa kwa mswada alioandika mtu mwingine. Dhidi ya nyumba hiyo wanasimama vijana wawili maskini, Amani na Imani, waliokutana njiani wakiwa hawajuani. Mvulana na msichana hao wanaishi kwa kuaminiana bila kukimbilia mapenzi, na katika riwaya ya Kiswahili, ambayo aghalabu haiwezi kuwaweka mvulana na msichana chumba kimoja bila kuwaoza au kuwaangamiza, huu ni uvumbuzi halisi.

Lakini hapa pia mzizi wa zamani unachipuka. Amani, mchunga ng'ombe wa Mtemi, anagundua kwamba ardhi ile ilikuwa ya ukoo wake. Haki yake inatoka katika hati, na hati inatoka kwa babu. Nasaba mbovu inaangushwa na nasaba njema. Swali ambalo riwaya imelizua yenyewe, yaani je, mchunga ng'ombe asiye na babu mwenye hati ana haki gani, linabaki bila jibu. Ukarimu wa Amani mwishoni, anapowagawia wengine ardhi, unapendeza. Ila ni ukarimu wa mrithi.

Yasmin katika kibanda cha Mwajuma

Vuta N'kuvute haikuandikwa kwa ajili ya vijana peke yao, lakini shujaa wake ana umri wa miaka 15 hadithi inapoanza, na riwaya imesomwa sana na wanafunzi wa sekondari Tanzania. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa Bwana Raza, mwenye duka mwenye umri wa miaka 52. Anapomkimbia mumewe na kurudi kwao, mama na mjomba wanamfukuza kwa kuwaaibisha mbele ya jamii yao. Anapokelewa na Mwajuma, mwanamke Mwafrika maskini wa Ng'ambo, asiye na chochote cha kumpa ila nusu ya kitanda na nusu ya chakula.

Tofauti na riwaya zilizotangulia ni ya msingi. Mlango wa nasaba umefungwa, na mwandishi haufungui tena. Hapatokei mjomba mwema wa siri wala wosia uliosahauliwa. Yasmin anajifunza kuishi kutoka kwa Mwajuma: namna ya kuteka maji, ya kuvaa, ya kucheza, ya kucheka shida. Anapojikubali, anajikubali kama mtu aliyetengenezwa na uhusiano aliouchagua. Wala Adam Shafi haupaki urafiki huu rangi ya asali. Mwajuma ana tamaa na ulevi wake, Yasmin ana woga na majivuno aliyotoka nayo dukani, na siasa ya wapigania uhuru inayoingia kibandani pamoja na Denge inawatia wote matatani. Kilichowezesha uhalisi huu ni kwamba mahali pana jina. Mtaa ni Ng'ambo, jamii ni Wahindi wa Unguja, mkoloni ni Mwingereza, na kila tofauti kati ya marafiki hawa ina bei inayojulikana.

Mfano mwingine wa mahali penye jina uko jirani zaidi na Isiolo. Little White Man, iliyotolewa tena baadaye kwa jina la The Mzungu Boy, imewekwa karibu na Nanyuki, mji alikozaliwa Meja Mwangi mwaka 1948, kusini-magharibi mwa Isiolo. Kariuki, mtoto wa mpishi, anafanya urafiki na Nigel, mjukuu wa mlowezi, wakati wa vita vya Mau Mau, huku kaka yake Kariuki akiwa upande wa wapiganaji. Hapa urafiki hauvunji chochote cha historia. Historia ndiyo inayouponda, na msomaji anaona kwa macho kile kilichopondwa. Inasikitisha kwamba hadithi hiyo ya Nanyuki iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali lugha ambayo mtoto wa mpishi na wa mlowezi wangekutana nayo mashambani ni Kiswahili.

Pingamizi: je, nasaba ni ukuta tu?

Mtu anaweza kupinga kwamba makala haya yanaidharau nasaba, jambo ambalo mfugaji wa kaskazini hawezi kulivumilia. Waswahili nao husema mwacha asili ni mtumwa. Pingamizi hili lina nguvu, na linastahili jibu lenye ushahidi.

Utafiti wa Günther Schlee uliotolewa mwaka 1989 ulionyesha kwamba miongoni mwa Warendille, Wagabra, Wasakuye, Wagarre na baadhi ya Wasomali koo hazifuati mipaka ya makabila. Ukoo mmoja unaweza kuwa na matawi katika makabila mawili au matatu yenye lugha tofauti, na mtu aliyepatwa na shida huweza kudai udugu kwa watu ambao ramani ya serikali inawahesabu kuwa wageni. Tena nasaba hupokea: katika jamii za kaskazini mtu au kundi zima limeweza kuingizwa katika ukoo wa wenyeji wenye nguvu na hatimaye kuhesabiwa kuwa wao. Miongoni mwa Waturkana, kama P. H. Gulliver alivyoeleza mwaka 1955, mtu hujenga katika maisha yake mtandao wa marafiki wa mifugo, ambao hupeana wanyama wakati wa mahari na wakati wa dhiki. Urafiki wa namna hii ni amana. Ng'ombe aliyeko kwa rafiki wa mbali ndiye atakayesalia ukame ukiwamaliza walioko nyumbani.

Kumbe basi nasaba iliyo ukuta, ile ya kadi na karani, si mila kongwe ya kaskazini; kwa sehemu kubwa ni kazi ya utawala uliotaka kila mtu awe na kabila moja na wilaya moja. Nasaba iliyo mlango ni ya zamani zaidi. Riwaya za Walibora zimeichukua nasaba ya aina ya kwanza, ya baba mmoja na hati moja, na kuifanya kuwa kimbilio la shujaa. Nasaba ya aina ya pili, na urafiki ulio amana, bado havijapata nafasi katika riwaya ya vijana inayosomwa shuleni.

Hitimisho

Ken Walibora alifariki mwaka 2020, na hakuna mwandishi wa kizazi chake aliyewapenda wasomaji vijana kuliko yeye au aliyewapa Kiswahili kitamu zaidi. Uhakiki huu haukusudii kumpunguzia hadhi. Unakusudia kuonyesha kwamba mfano aliouacha, wa kijana anayetoka mikononi mwa marafiki kwenda mikononi mwa ukoo, umekuwa njia iliyokanyagwa mno, na waandishi wanaomfuata waipime kabla ya kuipita.

Kwa walimu jambo lililo karibu ni namna ya kufundisha. Swali la kawaida la mtihani humtaka mwanafunzi aorodheshe sifa za Amani au za Kongowea, na sifa ya urafiki mwema huwa haikosi katika orodha. Swali linalofaa kuulizwa Isiolo ni hili: kama Kongowea asingempata babake, je, riwaya ingekuwa imemruhusu ajikubali? Darasa lenye Waborana, Waturkana, Wasomali, Wasamburu na Wameru halitashindwa kulijibu, na huenda majibu yakatofautiana kwa namna itakayomfundisha mwalimu mwenyewe.

Kwa waandishi kazi ni nzito zaidi. Barabara ya lami sasa inatoka Isiolo hadi Moyale, na kizuizi cha zamani hakimzuii tena msafiri. Riwaya ya vijana ya Kiswahili, iliyokwisha kutembea kutoka Tanga hadi Kitale na kutoka Ng'ambo hadi Mombasa, haijaipita bado. Siku itakapopita, isije na Wakorosho na Wakanju. Iwaite watu kwa majina yao, iwape lugha zao na kisima chao, kisha imwache rafiki awe rafiki hadi ukurasa wa mwisho.